Risasi isiyo na mlio: Kinachoukatiza ubongo wa mtoto wetu ukijifunza kuongea

Ukitaja neno risasi hapa Umoja, mtu wa kwanza kukusikia atainama. Tumekulia Eastlands, mlio tunaujua. Lakini Kiswahili kina ujanja wake. Neno hilohilo ni jina la madini, yale mazito ya kijivu yaliyo ndani ya betri ya gari, yale yaliyokuwa ndani ya petroli na kwenye rangi za ukuta. Hii risasi ya pili haina mlio. Haiangushi mtu barabarani, na hakuna anayepiga ripoti kituoni. Inaingia mdomoni mwa mtoto anayetambaa sakafuni, inapita tumboni, inaingia kwenye damu, na inafika mahali padogo kuliko unavyoweza kuwazia: pale seli moja ya ubongo inapoongea na nyingine.

Leo nataka tuongee kuhusu mahali hapo. Usitoroke, hakuna mtihani. Mimi mwenyewe niliachia chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, kwa hivyo sina cheti cha kukutisha nacho. Nina simu, bando za usiku na maswali mengi. Na wengi wetu wa rika hili tayari ni wazazi, au ni wajomba na mashangazi wa kulea kila Jumamosi. Hii stori inatuhusu kabla haijamhusu daktari.

STEJI NDANI YA KICHWA

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva karibu bilioni 86. Seli hizo hazijagusana. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya wa kama nanomita 20. Chukua unywele wako mmoja, ugawe unene wake mara elfu nne hivi, kipande kimoja ndicho upana wa huo mwanya. Mahali hapo pa kukutania panaitwa sinapsi.

Ndani ya seli, ujumbe unasafiri kama umeme. Ukifika ukingoni, umeme huo hauruki mwanya. Kwa hivyo seli inaubadilisha ujumbe kuwa kemikali. Kemikali hizo zinaitwa nyurotransmita. Glutamati ni ya kuamsha, GABA ni ya kutuliza, dopamini umeisikia kwa wale wanaokuambia uache TikTok. Zimepakiwa ndani ya vifuko vya mviringo, kila kifuko kina upana wa nanomita 40 hivi na kimebeba maelfu ya molekuli.

Sasa fikiria mathree za kwenda Umoja zikiwa zimepanga foleni tao saa moja jioni. Kifuko ni matatu, molekuli ndizo abiria. Matatu ya mbele imejaa, injini inanguruma, dereva yuko na mguu kwenye klachi. Lakini haiondoki. Inamngoja makanga agonge bodi. Hiyo ngumi ya makanga, kwenye ubongo, ni kalsiamu. Ndiyo, kalsiamu ileile ya maziwa na mifupa.

Mambo yanaenda hivi. Umeme ukifika, milango midogo kwenye ukuta wa seli inafunguka na kalsiamu inamiminika ndani. Protini inayokaa kwenye kifuko, iitwayo sinaptotagmini, inaidaka. Hapo hapo protini nyingine tatu zilizokuwa zimeshaanza kujisokota pamoja, sinaptobrevini upande wa kifuko, sintaksini na SNAP-25 upande wa ukuta, zinakaza kama zipu. Kifuko kinavutwa, kinaungana na ukuta, kinafunguka kwa nje. Kemikali inamwagika mwanyani na seli ya pili inaipokea. Kazi hiyo yote inaweza kuisha kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijapita.

Bernard Katz alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1970, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba kemikali hii hutoka kwa vifurushi, haitoki tu kama maji ya bomba. Mwaka wa 2013, James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipata yao kwa kueleza mitambo inayosafirisha na kufungua vifuko. Kwa hivyo si hadithi za mtandaoni hizi.

Na kama bado unaona ni mambo ya wazungu wa maabara, uliza mamako kwa nini alidungwa sindano ya pepopunda akiwa na mimba yako. Sumu ya bakteria wa pepopunda inafanya kazi moja tu: inakata ile sinaptobrevini, hasa kwenye seli zinazotoa kemikali za kutuliza misuli. Zipu ikikatwa, breki hazishiki. Misuli inakaza na haiachii. Mtoto mchanga aliyeambukizwa kupitia kitovu anashindwa hata kufungua mdomo anyonye. Protini moja tu ndiyo imekatwa, kwenye mlango mmoja tu. Ndiyo maana nakuambia mlango huu ni wa kuheshimiwa.

MTOTO HAZALIWI NA STEJI ILIYOKAMILIKA

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Wengi wetu tunadhani mtoto anazaliwa na ubongo kamili, kisha anaujaza tu maneno na ABC. La. Mtoto anazaliwa na mitambo ya kutuma kemikali ambayo bado ni ya majaribio. Inafanya kazi, lakini kwa pupa na kwa kubahatisha.

Watafiti wamelijua hili kwa kuchunguza wanyama wanaonyonyesha, hasa panya. Wanaipenda sinapsi moja kubwa isiyo ya kawaida, iitwayo kaliksi ya Held, iliyo kwenye njia ya kusikia, chini kule kwenye shina la ubongo. Inasaidia mnyama kujua sauti imetoka upande gani. Kwako wewe hiyo ndiyo tofauti kati ya kuruka na kugongwa nduthi ikitokea nyuma yako Moi Drive. Panya anazaliwa hasikii, anaanza kusikia akiwa na siku kama 12. Kwa hivyo mtafiti anaweza kuangalia sinapsi ileile kabla ya kazi kuanza na baada ya kazi kuanza. Akiangalia, anaona mambo manne.

La kwanza ni umbali. Kwenye sinapsi changa, milango ya kalsiamu iko mbali na vifuko. Ni kama makanga amesimama ng'ambo ya barabara anapiga mluzi, na dereva hasikii mpaka makanga kumi wapige pamoja. Sinapsi ikikomaa, milango michache inasogea karibu kabisa na kifuko. Ngumi moja, gari limeng'oka. Maabara ya Lu-Yang Wang kule Toronto ilionyesha mabadiliko haya mwaka wa 2005.

La pili ni aina ya milango. Sinapsi changa inatumia mchanganyiko wa aina kadhaa. Baadaye, kwenye kaliksi hii na kwenye sinapsi nyingine kadhaa za ubongo, aina moja inachukua usukani na nyingine zinaondolewa kazini. Kundi la Tomoyuki Takahashi huko Japani ndilo lililofuatilia zamu hiyo.

La tatu ni umeme wenyewe. Katika sinapsi changa wimbi la umeme ni pana, linakawia, linaacha milango wazi muda mrefu. Likikomaa linakuwa jembamba na kali. Linaingia na kutoka.

La nne ni akiba. Sinapsi changa ni kama kijana anayekimbia mita elfu kumi kwa mara ya kwanza: mzunguko wa kwanza anawaacha wote, wa nne yuko chini anashika mbavu. Inamwaga vifuko vyake kwa pupa umeme wa kwanza ukifika, na baada ya mawimbi machache ghala linakuwa limepungua sana. Iliyokomaa inatoa kwa kipimo, ina vifuko vingi nyuma vinavyongoja zamu, na inaweza kutuma ujumbe mamia ya mara kwa sekunde bila kukata pumzi.

Mabadiliko ya aina hii hayafanyiki siku moja kwa ubongo wote. Kila sehemu ina kalenda yake. Kwa binadamu kalenda hiyo ni ndefu sana. Peter Huttenlocher, daktari wa Chicago, alihesabu sinapsi kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, sehemu ya kupanga na kujizuia, akachapisha matokeo mwaka wa 1979. Aligundua kwamba mtoto wa mwaka mmoja au miwili ana msongamano wa sinapsi unaozidi wa mtu mzima kwa karibu asilimia 50. Baada ya hapo ubongo unapogoa: zinazotumika zinabaki na kuimarika, zisizotumika zinaondolewa, na upogoaji unaendelea hadi ujana.

Shika hiyo sentensi. Zinazotumika zinabaki. Sinapsi inaamua ibaki au iondoke kwa kuangalia kama ujumbe unapita vizuri. Sasa jiulize: itakuwaje kama kuna mtu anaharibu ujumbe katika miaka hiyohiyo?

MGENI ANAYEJIFANYA KALSIAMU

Risasi ina hila moja mbaya. Kwa mwili wetu inafanana na kalsiamu. Zote mbili zinabeba chaji ileile, kwa hivyo protini nyingi zinazoshika kalsiamu zinaishika risasi pia, na baadhi zinaishika kwa nguvu zaidi. Ni kama mtu amevaa sare ya makanga lakini si makanga. Anasimama mlangoni, makanga halisi hawezi kupanda.

Haya hayakugunduliwa jana. Mwaka wa 1957 watafiti Krista Kostial na Velimir Vouk walionyesha kwa paka kwamba risasi inapunguza kemikali inayotoka kwenye ncha za neva. Kazi zilizofuata zikaonyesha kwamba madhara yako mawili na yanaenda pamoja.

Moja, risasi inaziba milango ya kalsiamu. Umeme umefika, ujumbe ni halali, lakini kalsiamu inayoingia ni kidogo. Kifuko hakifunguki. Mahali palipotakiwa sauti, pako kimya.

Mbili, ile risasi chache inayopenya ndani inagusa mitambo iliyotengenezewa kalsiamu, na vifuko vinaanza kufunguka ovyo bila umeme wowote kufika. Mahali palipotakiwa kimya, pako kelele.

Ukiwa na redio inayokatika mtangazaji akiongea na kukoroma akinyamaza, utaitupa. Ubongo wa mtoto hauwezi kujitupa. Unachofanya ni kupogoa kwa kufuata ujumbe huo mbovu. Na kuna zaidi: maabara ya Tomás Guilarte nchini Marekani ilikuza seli za ubongo wa panya pamoja na risasi wakati ule sinapsi zinajengeka, ikakuta protini za vifuko zimepungua, ikiwemo ya jamii ya sinaptobrevini. Umeikumbuka? Ndiyo ile pepopunda inakata.

Mtoto anaumia kuliko wewe kwa sababu tatu. Utumbo wake unafyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya wa mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Anaweka mikono mdomoni siku nzima. Na ubongo wake ndio uko kazini kwa ujenzi. Tena mwili huihifadhi risasi kwenye mifupa kwa miongo. Dada akishika mimba, mwili unachukua kalsiamu kutoka mifupa yake kumjengea mtoto, na risasi ya zamani inatoka nayo, inavuka kondo la nyuma. Kwa hivyo ulichovuta ukiwa na miaka saba kinaweza kumfikia mtoto utakayezaa ukiwa na 27.

Na ulivuta. Kenya iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, moshi wa kila gari lililokwama jamu Outering Road ulikuwa na yako.

DANDORA NI JIRANI

Dampo la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya sabini. Kufikia 2001 lilikuwa limetangazwa kujaa. Takataka hazikusoma hilo tangazo, zimeendelea kuja kila siku. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake hapahapa Nairobi, lilitoa utafiti ulioongozwa na Njoroge Kimani. Walipima watoto na vijana 328 wa kuanzia miaka 2 hadi 18 wanaoishi na kusoma karibu na dampo. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu iliyofikia au kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichokuwa kikitumika wakati huo kupiga kengele. Nusu.

Tangu hapo dunia imeshusha kengele. Marekani ilishuka hadi 5 mwaka wa 2012, kisha 3.5 mwaka wa 2021. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Wale waliokuwa na 7 au 8 kule Dandora mwaka wa 2007 waliambiwa wako sawa. Leo wengine wao ni rika letu, na wengine ndio tunaopanda nao mathree asubuhi.

Kutoka hapa Umoja hadi Dandora ni kilomita chache. Upepo ukigeuka unajua bila kuambiwa, unafunga dirisha.

Lakini usidhani shida ni dampo pekee. Mwendo huo huo kuna karakana za jua kali ambako betri kuukuu zinapasuliwa na vyuma vinayeyushwa. Kuna nyaya zinazochomwa ili kutoa shaba. Kuna sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu: utafiti wa 2017 uliopima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulikuta vingi vinatoa risasi vikipikiwa. Kuna rangi ya zamani inayobanduka kwenye milango ya ploti zilizojengwa kabla hatujazaliwa. Mtoto anaokota kigamba, kina utamu fulani, anakila.

Jamaa yangu mmoja wa karibu alifanya kazi ya kupasua betri kwa miaka miwili. Alikuwa akirudi jioni na ovaroli ileile, mtoto anamrukia mlangoni, anambeba. Hakuna baba anayekataa mtoto akimrukia. Lakini vumbi la kwenye ile ovaroli lilikuwa linapata kumbatio pia. Mtoto huyo baadaye mwalimu mmoja alimpa jina la kichwa maji mbele ya darasa zima. Hakuna aliyewahi kumpima damu. Alipimwa kwa kiboko cha maneno tu.

OWINO UHURU WALIAMUA KUPIMA

Kuna mtaa mmoja Kenya ambao watu wake waligoma kunyamaza. Unaitwa Owino Uhuru, uko Changamwe, Mombasa, una wakazi wapatao 3,000. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi ukutani mwao mwaka wa 2007. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka wa 2009. Mwanawe aliyekuwa ananyonya akaugua, vipimo vya malaria na taifodi havikuonyesha kitu, na mwishowe damu ikapimwa risasi. Ilikuwa imejaa. Omido akaacha kazi, akaanza kupimisha watoto wa majirani, akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kesi yao ilichukua muda mrefu zaidi. Julai 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaupangua uamuzi huo mwaka wa 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabu wewe mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 Mahakama ya Juu ilipoongea. Kalenda ya mahakama na kalenda ya sinapsi hazifanani hata kidogo.

Ndiyo maana naandika hii. Fidia inaweza kuja baada ya miaka kumi na saba. Ile miaka miwili ya mwanzo hairudi kwa amri ya jaji.

NAMBA NDOGO, MTAA MKUBWA

Sasa usichukue hii stori ukaenda kumwangalia mtoto wa jirani na kusema huyo ameshaharibika. Hapana, hapo utakuwa hujanielewa.

Mwaka wa 2005 Bruce Lanphear na wenzake walikusanya takwimu za watoto 1,333 kutoka tafiti saba za nchi mbalimbali. Walipata kwamba risasi kwenye damu ikipanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10, alama za kipimo cha akili zinashuka kwa wastani wa 3.9. Ikipanda kutoka 10 hadi 20, zinashuka 1.9 zaidi. Maana yake ni kwamba hasara kubwa inatokea pale chini, kwa viwango ambavyo mtoto anaonekana mzima kabisa, anacheza kati, anaomba biskuti.

Alama nne kwa mtoto mmoja huwezi kuziona kwa macho. Anaweza kuwa mkali kuliko wewe bado. Lakini zitoe kwa kila mtoto wa mtaa mzima, halafu uone ni wangapi wanaohitaji msaada darasani, wangapi wanashindwa kutulia, wangapi wanaitwa kichwa ngumu. Kisha mtu wa mtaa wa kifahari atakaa kwenye kipindi cha asubuhi aseme watoto wa Eastlands ni wavivu wa kusoma. Unaona vile mchezo unachezwa? UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria mwaka wa 2020 kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana risasi ya mikrogramu 5 au zaidi. Karibu wote wanaishi kwenye nchi za kipato kama chetu.

Na kuna habari njema, tena ya maabara. Guilarte huyohuyo, mwaka wa 2003, alichukua panya waliolishwa risasi wakiwa wachanga, akawaweka kwenye vizimba vyenye wenzao, vitu vya kuchezea na njia za kuchunguza. Uwezo wao wa kujifunza ulirudi vizuri kuliko wale walioachwa peke yao kwenye vizimba vitupu. Panya si mtu, sawa. Lakini sinapsi ni sinapsi, na kanuni ya kutumia ili ibaki inafanya kazi pande zote mbili. Mtoto anayeongeleshwa, anayesimuliwa, anayechezeshwa, anaupa ubongo wake ujumbe wa kushindana na ile kelele.

UNAWEZA KUANZIA LEO

Haya ni mambo ya bei yetu.

Piga deki kwa kitambaa kilicholowa, usifagie vumbi kavu mtoto akiwa ndani. Ufagio unainua risasi hewani, kitambaa kinaibeba nje. Viatu vibaki mlangoni.

Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Na vile vitu anavyotafuna, vioshwe pia.

Ukifanya kazi ya betri, uchomeleaji, rangi au vyuma chakavu, badilisha nguo na uoge kabla hujabeba mtoto. Kama hakuna bafu kazini, acha ovaroli nje na uifue peke yake. Betri isipasuliwe kwenye ploti wala jikoni, hata kama msee anakuahidi pesa ya haraka.

Chakula ni silaha. Mwili ukikosa madini ya chuma na kalsiamu unafyonza risasi zaidi, kwa kuwa unaikosea kuwa ndiyo unayoitafuta. Omena ina vyote viwili, na kibanda chochote cha Mutindwa kinayo. Ongeza maharagwe, sukuma, maziwa ukipata, na chungwa au nyanya kusaidia chuma kuingia. Tumbo tupu linafyonza zaidi pia, kwa hivyo uji wa asubuhi si anasa.

Dada mjamzito, ile hamu ya kula odowa nakuelewa, lakini hayo ni mawe, na mawe yanakuja na madini yake. Waambie kliniki una hamu hiyo, mara nyingi ni dalili damu yako imepungukiwa chuma, na hiyo ina dawa.

Rangi inayobanduka usiikwaruze ikiwa kavu. Ilowanishe, itoe, ikusanye, itupe mbali na watoto. Ukinunua mpya, uliza isiyo na risasi. Kikomo kinachopendekezwa na UNEP na Shirika la Afya Duniani ni sehemu 90 kwa kila milioni.

Na usinunue zile chupa za kusafisha damu zinazouzwa kwenye gari. Dawa za kutoa risasi mwilini zipo, ni za hospitali na za viwango vya juu, zinatolewa daktari akiwa ameshaona kipimo.

Kipimo. Hapo ndipo tunapaswa kusukumana na serikali ya kaunti. Mtoto akienda kliniki anapimwa uzito, urefu, anadungwa chanjo, yote kwenye kile kitabu chake. Kupimwa risasi si kawaida. Owino Uhuru walianza na mama mmoja aliyekataa jibu la malaria. Sisi tuna MCA, tuna mikutano ya bajeti ambayo huwa inajaa wazee peke yao, tuna simu zilizojaa bando. Mkutano ujao ukitangazwa, nenda, nyosha mkono, uliza swali moja: watoto wa wadi hii wamepimwa risasi lini, na matokeo yako wapi? Wakikosa jibu, andika hilo pia, na jina la aliyeulizwa, na tarehe. Kisha rudi mkutano unaofuata uulize tena.